Wimbi Lililoshuka Chini ya Sifuri

Nyumba ya Walimu Nambari 6,
Nyuma ya Maabara,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Shemeji hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua kwa kuinamia cherehani kutwa? Sisi huku wazima. Binti yako uliyenikabidhi anakula vizuri, na amerefuka hadi sketi ya shule inahitaji mkono wako.

Dada, barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Nimemkosea mwanao, na naona haya kukuambia.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nalifundisha darasa lake mlingano wa mawimbi. Usiogope jina. Kitu kidogo mno kama elektroni hakina njia moja ya kufuatwa kama gari barabarani. Mlingano huo unatupatia wimbi, na kwa wimbi hilo tunajua elektroni yaweza kupatikana wapi zaidi. Nikachora ubaoni elektroni iliyofungiwa ndani ya kisanduku: nusu ya kwanza wimbi linapanda, nusu ya pili linashuka chini ya sifuri. Nikasema, kama ninavyosema kila mwaka, kwamba kimo cha wimbi ndio uwezekano wenyewe wa kuipata.

Binti yako, Mama Maswali wetu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona huku liko chini ya sifuri? Kwani kuna uwezekano hasi?"

Badala ya kusema sijui, nikamwambia, "Maswali ya jikoni yaache jikoni. Kaa chini." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Hasi.

Nikarudi kwenye daftari langu la chuo, lile ninalofundishia mwaka wa kumi na moja sasa. Ndipo nikakumbuka: siku ya somo hilo chuoni nilikaa nyuma ya jamaa mmoja wa miraba minne, na mhadhiri akafuta ubao kabla sijanakili mstari wa mwisho. Sikuwahi kuutafuta. Nikafungua kitabu cha maktaba, nikaukuta unanikodolea macho: wimbi lazima lizidishwe kwa lenyewe kwanza, ndipo litoe uwezekano. Hasi mara hasi ni chanya, Dada. Ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, wakati mimi bado natokwa na kamasi.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikakiri kosa, nikasema mwanao ndiye aliyeona sawa. Hakuna aliyecheka. Yeye alikuwa anatazama daftari lake tu. Nyumbani ananiamkia kwa adabu, ananimiminia chai, lakini haniulizi tena kitu chochote. Heri angenitukana.

Nisalimie Shemeji, na Shangazi umwambie miwani yake nimeipeleka kwa fundi. Mungu awape afya na usingizi mzuri kuliko wangu.

Humu ndani ya bahasha kuna fomu ya binti yako ya kuacha fizikia, inataka sahihi ya mzazi. Nakuomba uzungumze naye kabla hujashika kalamu, maana mimi sina uso wa kumsihi. Penye sababu ameandika, "Sina kichwa cha fizikia." Mwandiko ni wake, Dada. Maneno ni yangu.

Wako akupendaye, kwa haya tele,
Kitindamimba wenu.