Nusa Mdomo Wangu

Mama Rehema mpendwa,

Najua huko kwa mama yako Kondoa hutaki kusikia jina langu. Soma tu. Naandika kwa simu, na kidole kinaruka herufi ninayoitaka, kinaangukia jirani yake.

Unakumbuka nilipomaliza kupanga vigae sebuleni kwetu Chang'ombe? Uliweka gololi ya Rehema katikati ya sakafu, ukaisubiri iondoke. Haikwenda popote. Ukacheka, "Baba Rehema, hata gololi inakuogopa." Niliishia darasa la saba, lakini milimita haikunipita.

Kisha asubuhi ile nikaamka nyumba inazunguka, natapika, ulimi mzito. Tangu hapo natembea miguu imeachana, nagonga fremu za milango. Msikitini nilimwangukia mwenzangu safuni, akasogea pembeni. Kaka yako akaja na ushauri: "Shemeji, basi punguza kidogo." Mimi, ambaye zabibu za Dodoma nazijua kwa kutafuna tu.

Nikakwambia, nusa mdomo wangu. Ukanusa. Ukasema, "Siku hizi zipo pombe zisizonuka." Ukafunga mizigo.

Baada ya wewe kuondoka nilikwenda hospitali. Daktari akaniambia niguse pua yangu, kisha kidole chake. Mkono ukapitiliza, ukarudi, ukapitiliza tena. Akanionyesha kwenye picha: mshipa umeziba huku kisogoni, kwenye ubongo mdogo. Ubongo mkubwa unaagiza mkono uende; huu mdogo ndio unaoupima ufike pale pale. Nguvu ninazo, mfuko wa saruji nanyanyua. Kilichokufa ni kipimo. Pimamaji ya kichwani, ile inayosema sakafu iko sawa, imevunjika, na mimi nilikuwa nakula kwa pimamaji.

Nilimpigia kaka yako nimweleze. Akausikiliza ulimi wangu, akasema, "Shemeji, nipigie pombe ikikutoka." Ndiyo maana naandika.

Jana nilijaribu kupanga kigae kimoja. Nikakibandua.

Daktari anasema nifanye mazoezi, huenda kutembea kukawa afadhali. Nilipomuuliza kuhusu kazi, alianza kuandika dawa.

Mwambie Rehema gololi yake ipo palepale. Wewe sikuiti, maana sijui ningekuitia nini. Mwanzoni nilitaka tu ujue kwamba ulinionea. Sasa natamani ungekuwa umesema kweli. Mlevi anaacha pombe, anamfuata mkewe, wanayamaliza. Mimi niache nini?

Ni mimi,
Baba Rehema