Sabuni Kwenye Tangi la Trekta

Wewe, acha chochote unachofanya usome hii.

Lile trekta la marehemu baba, alilolikarabati yule fundi anayejiita Profesa, leo limezimika katikati ya shamba. Dizeli yote chini!

Nachungulia chini ya tangi, nakuta SABUNI. Kipande cha sabuni ya kufulia! Kaziba tundu kwa sabuni, kapaka rangi nyekundu juu. Sabuni, jamani!

Nampigia, ananijibu eti, "Dada, mwanamke na injini wapi na wapi?" Mimi! Niliyeshikishwa spana na baba kabla sijajua kusoma!

Haya. Nimelishusha tangi, nimeliosha, nimelichomelea mwenyewe. Halivuji hata tone. Kisha nimeliendesha trekta hadi mbele ya gereji yake na kuliegesha palepale. Ile sabuni nimeining'iniza kwa waya kwenye boneti, chini ya maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi, herufi kubwa: KAZI YA PROFESA.

Wateja wake wamecheka mpaka wamekaa chini.

Katoka mbio, sauti imelainika: "Dada yangu, nakuomba, futa basi jina langu."

Nikamwambia, "Nitalifutaje, fundi? Si uliapa rangi yako haitoki miaka kumi?"