Harusi Iliyokwama kwenye Kompyuta ya Dada Yako

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na watoto. Natumaini nyote wazima, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa msiba umepoa. Sisi huku hatujambo, ukiacha lile moja unalolijua. Wapwa wako wanakula na wanakwenda shule. Mkubwa amejifunza kumsuka mdogo wake. Siku za kwanza alimtoa kama kiota kilichopigwa na upepo, siku hizi walau hatuulizwi njiani. Mama mkwe alinipigia juzi, tukaongea vizuri, ingawa sote wawili tulikuwa tunamzunguka mtu mmoja bila kumtaja.

Najua utashangaa kupata barua na simu zipo. Nimekupigia mara kadhaa, na kila ulipopokea nilijikuta nakuuliza habari za mvua. Nimeona afadhali karatasi, kwa kuwa karatasi inaweza kunisubiri.

Kazi yangu inakwenda. Watu bado wanapoteza funguo, Mungu awazidishie. Kinachonitoa jasho ni chumba cha nyuma, kile ambacho dada yako alikuwa akitengenezea video za harusi. Alipoondoka aliacha kazi za wateja. Nyingi zilikuwa zimekwisha, nikawakabidhi wenyewe, wakanipa pole tukaagana. Imebaki moja. Aliipanga yote mwanzo hadi mwisho, ikabaki kuchomwa tu kwenye sidii. Nawe unakumbuka alivyokuwa akichoma: anabonyeza, anakwenda kuinjika chai, akirudi sidii iko tayari, ina joto kama mkate.

Mwenye harusi hiyo ni mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mama wa bwana harusi. Siku mwanawe anaoa, mumewe alikuwa amelazwa hospitali, hakuona hata pete ikivaliwa. Sasa amerudishwa nyumbani, hatoki kitandani, na sukari inamla macho. Daktari amewaambia wasitegemee kuona kwake kwa muda mrefu. Mzee hana ombi jingine ila kumwona mwanawe akioa. Bwana harusi mwenyewe alikuja akarekodi kioo cha kompyuta kwa simu yake, akampelekea baba yake. Mzee akasema anaona siafu wanatembea. Kwa macho yale inatakiwa televisheni kubwa ya sebuleni, isogezwe mpaka miguuni pa kitanda, na deki yao ni ya zamani, haina tundu la flashi, inajua sidii basi. Kwa hiyo yule mama huja, hukaa kwenye kiti cha wateja, huniuliza kama imekubali. Nami humwambia bado, mama.

Nikueleze nilivyohangaika, usije ukadhani nilikaa nimekunja mikono. Mara ya kwanza niliweka sidii, nikabonyeza pale nilipozoea kumwona yeye akibonyeza, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Nikafurahi, nikaenda kuinjika chai kama yeye. Niliporudi mashine ilikuwa imetoa ulimi nje, na kwenye kioo kuna maandishi kwamba nafasi haitoshi. Kiingereza changu ni cha kusoma maboksi ya kufuli, lakini hilo nililielewa. Nikajua sidii ni ndogo. Nikaenda kununua zile zinazobeba zaidi. Ikakataa. Muuzaji akasema zile zilikuwa hafifu, nichukue zenye mgongo wa zambarau. Nikachukua, ikakataa. Akasema nipunguze mwendo, kwani sidii ikichomwa mbio huiva juu ndani mbichi. Nikapunguza mpaka mwendo wa kobe. Ikakataa polepole.

Nilisafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Nilifunga kila kitu kilichokuwa wazi kwenye kioo. Niliizima kompyuta nikaipumzisha kama mgonjwa, nikaifunika na kitambaa. Shemeji, mimi nimezoea vitasa. Kitasa kikigoma nakifungua, naiona pini iliyokwama, naigusa kwa tupa, tunaelewana. Kitu hiki hakina mahali pa kutia tupa. Kinakwambia hapana, halafu kinakutazama. Sidii zilizoharibika mpwa wako mkubwa amezitungia uzi akazitundika dirishani, anasema zinafukuza ndege. Hatuna hata mche mmoja wa kuliwa na ndege.

Mwishowe nilimwita fundi kompyuta, yule mwembamba wanayemwita Mjusi kwa sababu kila ukimkuta yuko ukutani na nyaya. Alikaa kitambo, akanieleza aliyoyaona, akaenda zake. Kwake nitarudi.

Yule mama hakuchoka. Siku moja alikuja na sidii yake mwenyewe, ameifunga kwenye mtandio. Alisema huenda zangu zina mkosi. Tukaiweka pamoja, akasimama nyuma yangu akishika kiti, midomo inamcheza. Mstari ukatambaa kidogo, ulimi ukatoka. Hakunilaumu. Aliichukua ile sidii, akaifuta na pindo la mtandio, akaniomba aende nayo hivyo hivyo, labda deki yao itaona kitu ambacho mashine yetu haikioni. Nikamwachia aende nayo. Nasikia waliiweka, wakamkalisha mzee kwa mito, wakasubiri.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae kuandika, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mjusi alilijua tatizo kabla hajamaliza glasi ya maji. Sidii hazina kosa hata moja. Alinieleza kwamba programu ile, kabla ya kuchoma, huipika harusi nzima kwanza humo ndani ya kompyuta, na kwa hiyo inataka nafasi tupu humo. Kompyuta imejaa mpaka shingoni. Ni sawa na kukanda unga bila beseni, akasema. Kilichoijaza ni vipande vya kutupwa. Dada yako alipokuwa akipanga harusi za watu, alivikata vile visivyofaa, kamera ilipotikisika au ilipoachwa ikirekodi sakafu, akavisukumia mahali pamoja alipopaita Takataka. Zamani kazi ikimalizika alipasafisha. Mwaka wake wa mwisho hakuwa na nguvu za kufagia hata huko.

Mjusi alikuwa ameshaweka kidole afute. Akafungua kimoja kwanza, ahakikishe si mali ya mtu. Ilikuwa picha ya viatu vya watu tu, lakini aliyekuwa akiongea ni dada yako. "Bibi harusi, kidevu juu. Hapana, mama, hicho cha pili kiache kilipo." Na kile kicheko chake cha kupitia puani. Nikamshika Mjusi mkono, nadhani nilimuumiza.

Vyote viko hivyo, shemeji. Miguu ya meza, mapazia, nyasi, na sauti yake. Kuna mahali anauliza mtoto wa nani yuko chini ya keki. Kuna mahali anabadilisha betri huku anaimba bila maneno, na hapo anaanza kukohoa, anasema samahani kwa mtu nisiyemwona. Kimoja alikirekodi humu humu chumbani akijaribu kamera. Nasikika nikiingia kuuliza koleo liko wapi, naye ananiambia liko mkononi mwangu. Na kweli lilikuwa mkononi.

Tulijaribu kuvihamisha. Mashine inaganda katikati, haiendi mbele wala nyuma. Mjusi akasema diski ya ndani imechoka, ikilazimishwa tena itaondoka na kila kitu, harusi ya watu ikiwemo. Hata kompyuta yenyewe nisiihamishe kutoka mahali ilipokaa, kazi imalizikie hapo hapo ilipoanzia. Nilijaribu kuinasa sauti kwa simu, ikatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Si yeye. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Vifutwe vyote, maana vikibaki hata nusu nafasi haitoshi, harusi ichomwe saa hiyo hiyo, au vibaki, na mzee abaki na siafu wake.

Yote haya niliyajua kabla yule mama hajaja na sidii yake. Niliiweka nikijua itakataliwa. Hata kichwa nilijishika, kama mtu anayeshangaa. Nimemdanganya mama wa watu mwenye mgonjwa ndani, na kila jioni nikishafunga duka naingia chumba cha nyuma kusikiliza viatu.

Jana nilisahau kufunga mlango. Yule mama aliingia, sikumsikia kwa kuwa sauti ilikuwa juu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, na dada yako alikuwa akimwambia yeye mwenyewe, siku ya harusi ya mwanawe, asilie kabla ya picha, poda itaandika mistari. Akaitambua. Akavuta kigoda akakaa, tukasikiliza wote wawili mpaka kipande kikaisha. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningemshukuru. Alikaa tu akitazama pazia kwenye kioo, kisha akajifunga mtandio wake vizuri, akasema, "Fundi, mzee wangu bado anaona dirisha. Dirisha likishampotea sitakuja tena kukusumbua."

Akatoka. Hata kwaheri alinipa.

Nimejaribu, shemeji. Tangu jana nimekaa mbele ya kile kioo, nikasogeza mshale mpaka kwenye neno la kufuta, kidole kikakataa kama si changu. Leo asubuhi nilimwita mpwa wako mkubwa anibonyezee. Akaja, akaniangalia usoni, akaniuliza nataka abonyeze wapi, nikamwambia basi, nenda kacheze. Nilizika mwili wake, wewe uliniona, sikuanguka. Hili limenishinda.

Ndiyo maana nakuomba uje. Acha shughuli yoyote iliyo mkononi, panda gari, njoo. Wewe unashinda na kompyuta kazini, hutakosea. Na sauti ile uliijua kabla yangu, tangu ilipokuwa ikikuita ukale na wewe umejificha darini. Keti kwanza usikilize. Sitakuharakisha, ingawa dirisha la mzee linajua haraka yake. Ukiridhika, futa wewe, uchome, na ukishachoma uipeleke wewe mwenyewe. Nyumba yao ina geti la kijani, ni ya tatu baada ya kinyozi. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie ni kaka wa mpiga video.

Usinionyeshe wakati unabonyeza. Ukishaingia chumba cha nyuma mimi nitakuwa mbele dukani nachonga funguo. Kama hakuna mteja nitachonga zisizo na mlango. Ile mashine ya kuchongea ina kelele sana, na siku hiyo sitaizima mpaka unishike bega.

Nisalimie mkeo, umwambie watoto wake wamesalimiwa na wapwa wako mmoja mmoja. Mama mkwe usimwambie habari hii kwa simu, ukipita kwake kaa naye. Na kitanda chako tumekitandika tayari.

Ni mimi, shemeji yako katika msiba huu mmoja,

Mchonga funguo.