Samaki wa Birika Lako

Mama,

Nimekukasirikia. Najua si salamu ya kumpa marehemu. Aliyetangulia huombewa dua kwanza, na lawama, kama zipo, humezwa. Dua nimekusomea asubuhi, Yasini nzima, sikuruka hata aya. Sasa nipe nafasi ya lawama, maana ulipokuwa hai hukunipa. Kila nilipofungua mdomo kugombana ulinitia kipande cha mkate wa mofa mkononi, ukaniambia nile kwanza.

Leo ni siku ya tisa tangu ututoke. Binti yangu Rukia amelala baada ya kunisumbua tangu adhuhuri, amelala kwenye kitanda chako, hataki changu. Ninaandika nyuma ya karatasi za somo la mifupa kwa sababu nyumba hii haina karatasi nyingine, na kwa sababu mifupa yenyewe haiingii kichwani. Mtihani wa mwisho uko wiki tatu mbele. Kesho asubuhi natakiwa niwe kwenye mashua ya kuvukia Mokowe, bara, halafu basi la Mombasa, ambalo siku hizi haliondoki mpaka askari wa kulisindikiza wawe tayari.

Ulikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, na mji huu una maneno mengi juu ya mavyaa na mke wa mwana. Mengine tuliyatimiza, tusidanganyane. Lakini barua ya chuo cha wauguzi ilipokuja, Rukia akiwa na mwaka na nusu tu, mama yangu mzazi alilia, Athmani mume wangu akasema atafikiri, na wifi yangu Mwanaisha, binti yako, akauliza ni mke gani huyo wa kulala Mombasa. Wewe ulikuwa ukichagua mchele. Hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Mwana atalala kwangu. Enda." Nikaenda.

Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa mtu wa nusu nusu. Wiki ya kwanza wodini maziwa yalinitoka yakalowesha sare mbele ya wagonjwa, na metroni akaniambia nikabadilishe na lisitokee tena, kana kwamba nilikuwa nimekata shauri. Usiku wenzangu wa bweni walisoma, mimi nilihesabu Rukia sasa anakula nini. Nilipokuja likizo mambo yalikuwa yale yale kwa upande wa pili. Nilisuka nywele za mtoto kitabu kikiwa magotini, nikakuna nazi huku nikikariri hatua za kusafisha kidonda, mpaka Athmani akala wali wenye kipande cha kifuu ndani. Na mtoto mwenyewe akaniita "Sista", kwa sababu ndivyo majirani walivyoniita kwa utani. Wewe akakuita Mama. Ulicheka. Mimi nilikwenda msalani nikakaa huko kitambo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza.

Likizo ya mwisho nilirudi na somo la Familia yenye Afya. Nilikuwa na picha yake, nikaigandisha ukutani kwa gundi ya unga: baba, mama na watoto wawili mezani, mbele yao mayai na maziwa, wote wamechana nywele. Ulinitazama nikiigandisha ukauliza hao watu kazi yao ni nini, mbona wameketi tu. Nikakasirika. Nilitaka maji ya kunywa yachemshwe, Rukia akayatema akisema yananuka moshi. Nilitaka ale mchicha, wewe ukampa halua nyuma ya mlango. Nilikwambia maneno makali siku ile. Ulikuwa unafunga mzigo wa kwenda Kizingitini kwenye harusi ya mtoto wa dada yako.

Ulipoondoka, nilifanya usafi wa nyumba nzima. Nikafika kwenye birika la msalani, lile la kuogea na kutawadhia, na nikayaona maji yametuama, kijani pembeni, na visamaki vyako vinne vikizunguka humo vikinya. Mama, mimi nilizaliwa Matondoni. Kwetu tunateka kisimani, tunaweka mtungini, hatuna birika. Nilikuwa nimeishi katika nyumba yako miaka mingapi, na nikaamini siku zote kwamba wale samaki ni mchezo wa Rukia. Na mwalimu wetu, mtu wa bara anayetoka kusiko na birika hata moja, alikuwa ametuambia mara mia kwamba maji yaliyotuama ni adui wa familia.

Basi nikamwaga. Ndoo kwa ndoo, mpaka mgongo ukaniuma. Nikasugua kuta kwa dawa niliyoibeba kutoka chuoni ndani ya chupa ya sharubati. Nikakuta chini kabisa bakuli la kauri limejengewa kwenye sakafu ya birika, nikastaajabu watu kupoteza chombo kizuri kiasi kile, nikajaribu kuling'oa likanishinda. Hata hapo sikujiuliza. Kwa nini mtu ajenge bakuli chini ya maji? Sasa najua: maji yakipungua, samaki wajikusanye humo wasife. Visamaki niliwatupia paka. Kisha nikalijaza birika maji safi ya kisima, nikasimama nikayatazama, na nikajisifu. Nakwambia kweli yote. Nilijisifu.

Ulirudi siku ya tatu, ukaingia msalani kutawadha, ukakawia. Ulipotoka ulisema neno moja tu, "Haya mai yamenyamaa," yaani maji haya yamenyamaza, ukaenda kuswali. Nikadhani umenisifu. Kesho yake nikapanda mashua.

Huko chuoni, miezi miwili baadaye, kwenye somo la mbu, mwalimu alisema kwa kupita tu kwamba watu wa pwani wa zamani walifuga samaki kwenye matangi ili wale viluwiluwi vya mbu. Alisema kwa kupita, akageuza ukurasa. Nikakumbuka visamaki vyako vinne. Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo, na sikukuandikia, kwa sababu kulikuwa na zamu, halafu jaribio, halafu zamu. Halafu ikaja telegramu.

Metroni alinipa siku tatu. Alisema mama mkwe si mama. Siku tatu hazinifikishi hapa na kunirudisha hata basi likikubali. Nikabishana naye mbele ya wenzangu, jambo ambalo halifanywi, akanipa siku kumi na moja na onyo kwenye faili. Nilifika ukiwa umeshazikwa jana yake. Homa, walisema. Daktari alisema malaria iliyopanda kichwani. Rukia alianza kuugua yeye, ukampa chandarua chako, ukawa unalala nje ya chandarua unampepea. Alipopona ukaanguka wewe, na hukumwambia mtu mpaka siku ya nne.

Siku ya hitima nyumba ilijaa wanawake, na mimi nilikuwa jikoni namimina kahawa. Nikamsikia Mwanaisha akiwaambia wageni, kwa uchungu, si kwa kusengenya, kwamba mama alijitakia. Kwamba mtu mzima wa umri wake ametoka Kizingitini, akaamua kusafisha birika na kutupa samaki, sijui akili ilimkaa wapi, na tangu hapo nyumba ikawa haikaliki kwa mbu. Kwamba mama mwenyewe alimwambia hivyo, kwa kinywa chake. Bibi mmoja akatikisa kichwa akasema uzee ni kazi.

Birika ulisafisha wewe. Ndivyo ulivyowaambia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na ndiyo hii ninayokuandikia. Nani alikutuma? Nani alikuomba unifichie? Kila birika la mtaa huu lina samaki. Ungemtuma Rukia na kopo kwa jirani, ungepewa wawili, wakazaana. Lakini ungeulizwa wa kwako wamekwenda wapi, na ungelazimika kutaja Sista wako msomi, na wale waliosema ni mke gani wa kulala Mombasa wangepata la kusema mwaka mzima. Kwa hiyo ukanyamaza ukaoga na mbu. Umelinda heshima yangu kwa damu yako, Mama, na mimi sikuitaka kwa bei hiyo. Ningechekwa. Kuchekwa hakuui.

Huenda haikuwa birika. Najua hivyo pia, nimesoma. Mbu haulizwi anatoka nyumba gani, na kuna wanaokaa kwenye birika wasio na malaria kabisa. Huenda aliyekuuma alitoka kwenye mashua iliyojaa maji ya mvua, ama uani kwa watu, ama Kizingitini kwenyewe. Sitajua kamwe. Ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nimesoma kiasi cha kujitia hatiani na sikusoma kiasi cha kujitoa.

Siku tano sikusema. Nilijiambia naogopa kumwongezea Athmani msiba, lakini niliogopa kitu kingine. Ukiondoka wewe, wa kumlea Rukia ni Mwanaisha tu. Mama yangu miguu imemkataa. Mwanaisha akijua, hatamshika mtoto, na asiposhikwa mtoto mimi siendi, na nisipokwenda, miaka miwili na nusu imeliwa na paka pamoja na samaki wako. Nikinyamaza, naenda. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Kilichotakiwa ni wewe kuendelea kuwa kikongwe aliyetupa samaki wake mwenyewe.

Jana asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, sisi watatu. Mwanaisha akasema tena, kwa upole safari hii, laiti mama asingeligusa lile birika. Nikasema, "Aliyeligusa ni mimi." Nikawaeleza yote, dawa, ndoo, paka, na maneno uliyosema ulipotoka msalani. Sauti yangu ilikuwa kavu kama nasoma taarifa ya zamu. Athmani aliweka kikombe chini. Akavaa kofia, akatoka, na nikadhani amekwenda kazini kwake kwenye ufundi wa mashua, Matondoni, na hatarudi mpaka magharibi, na labda wakati huo nitakuwa nimeshaambiwa nirudi kwetu.

Mwanaisha alikaa. Alimega mkate vipande vidogo vidogo bila kuula. Unajua anavyofanana nawe anapotazama chini. Mwisho akasema, "Basi enda ukasome utimize. Nesi nusu ni khatari kuliko asokuwa nesi. Mwana mwate hapa."

Mwache mtoto hapa. Nililia, na sikujua nalia kwa sababu nimesamehewa au kwa sababu nimetukanwa. Hakunikumbatia. Alikusanya vikombe. Nilipotaka kumsaidia kuosha aliniambia niende nikasome mifupa yangu, na akauliza kama watu wa chuo wametufundisha kuosha vikombe au navyo tunavimwagia dawa.

Athmani hakwenda Matondoni. Alirudi kabla ya adhuhuri ameshika kopo la maziwa kwa mikono miwili, ndani mna visamaki vitatu. Alikuwa amekwenda msikitini kuviomba kwenye birika la kutawadhia, mbele ya watu, na alipoulizwa vya kwenu vimepotelea wapi alijibu kwamba mke wake alivitupa, marehemu mama yake hana kosa. Leo mtaa mzima unajua. Nilipokwenda dukani kununua sabuni, mwenye duka aliniuliza kama ni ya kuogea au ya kuoshea samaki. Wakicheka wacheke. Jina lako limesafishika na langu limechafuka, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, kama ungeniachia.

Na Athmani? Hajanisema, hajanisamehe. Usiku alilala amenipa mgongo, lakini leo amenitengenezea kufuli la sanduku lililovunjika. Nachukua hilo.

Bado nina hasira nawe, na nitapanda nayo mashua. Nina hasira na metroni, na mwalimu aliyegeuza ukurasa, na ile picha ya watu wanne waliochana nywele ambao hawana mavyaa, hawana birika, na hakuna aliyewafia. Nimeibandua. Mwanaisha alitaka kuitumia kufungia bizari, nikampa. Mtoto atakunywa maji yaliyochemshwa, hilo sikubali kushindwa, na Mwanaisha amekubali baada ya ubishi wa saa nzima. Halua amekataa kuikataza. Tumeishia hapo.

Lala, Mama. Mungu aipanue nyumba yako huko, na akupe majirani wasiouliza maswali. Siwezi kukuahidi kwamba nitafaulu mtihani, maana mifupa ya mkono peke yake imenitoa jasho. Nakuahidi hili. Nikifaulu, watanipa mfuko na daftari, nitatumwa Ndau, Pate, popote, niingie nyumba za wanawake nisiowajua niwafundishe usafi. Nitabisha hodi, nitaketi nitakapoonyeshwa, na kabla sijagusa kitu cha mwenye nyumba nitamuuliza kina kazi gani. Ningekuuliza wewe, ungeniambia.

Mke wa mwanao,
Zuhura