Boti za Maziko

Mbwajumali,
Jumapili

Dada yangu Swafiya,

Assalaam aleikum. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naanza nalo nisije nikaogopa nikifika katikati: ile hotuba ya Baba kwenye mkutano wa chama cha boti, ambayo rekodi yake ilikufikia mpaka huko Matondoni, niliiandika mimi. Sasa naweza kukusalimu vizuri. U hali gani? Mtoto ameota meno? Shemeji Zein bado anakohoa? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi.

Mpango wenyewe unaukumbuka. Kila mwenye boti ya petroli analipa ada kwa chama, na ada hizo zinamrudishia sehemu ya bei yule anayenunua mashine ya betri. Baba, kwa kuwa ni mwenyekiti, aliniomba nimpangie maneno. Niliandika kuhusu petroli inayoelea kwenye mikoko wanakokulia kamba wachanga, na kwamba anayechafua maji amsaidie anayeacha kuyachafua. Nikaongeza sharti moja la moyoni mwangu: boti iliyowekwa kubeba maiti isilipe ada. Nilimkumbuka yule nahodha aliyeuleta mwili wa Mama kutoka Lamu asitake hata shilingi. Baba alipolisoma alifuta macho, akasema hilo halitaguswa.

Bwana Alwi, babake rafiki yangu Asmaa, aliamini kila neno. Aliuza mashine yake ya zamani na ng'ombe wake, akanunua ya betri, wa kwanza hapa kwetu. Vijana wa gatini walimcheka kwamba boti yake imemeza ulimi, abiria watasinzia wapitishwe Faza wanakoshukia. Naye akawajibu kuwa afadhali, sasa anasikia wanavyomsengenya.

Pesa za kurudishiwa hazikuja. Asmaa hakurudi shule muhula huu. Bwana Alwi alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwa upole mno kwamba hakuna ada iliyoingia, kwa sababu boti zote za petroli sasa ni za maziko. Nilidhani ni mzaha. Nilikwenda gatini nikaona kila boti ina jeneza la mbao za kuokoteza, na juu yake kreti za soda na magunia ya unga. Wenyewe hawakuona haya. Walisema wamejifunza kwa aliyetangulia, yeye aliazima hata jeneza la msikiti.

Dada, aliyetangulia ni Baba.

Nilimuuliza, wala hakukasirika. Aliniambia, "Ndia umeifungua wewe, mwanangu. Mimi napita tu." Alitabasamu kama mtu anayenisifu. Sijui sasa yale machozi yalikuwa ya nini.

Jana baada ya adhuhuri, mimi na Asmaa tuliingia kwenye boti ya Baba, tukashusha kreti, tukalibeba jeneza la msikiti. Unajua wasichana hawabebi jeneza. Gati zima lilisimama. Wanaume walikuja mbio kutupokea, wakiuliza ni nani aliyefariki, mzee mmoja akianza kutuombea subira. Wewe unanijua, hata darasani nikiitwa jina najibu kwa kunong'ona. Lakini nilisema kwa sauti kwamba hakufa mtu, kwamba jeneza limetoka chini ya soda za Baba, na Bwana Alwi hajarudishiwa haki yake. Mwanamume aliyekuwa ameshika upande wangu aliuachilia. Baba alikuwa palepale. Aliniita. Sikugeuka.

Nisalimie Shemeji Zein, mtoto umbusu kwa ajili yangu, na majirani wanaoniulizia uwaambie nawakumbuka. Baba akikupigia simu, usinisemee chochote.

Tulilifikisha jeneza msikitini, tukaliosha, tukaliegemeza mahali pake. Kisha nilikwenda nyumbani nikachukua sare na vitabu, nikahamia kwa kina Asmaa, na huku ndiko ninakokuandikia.

Mdogo wako,
Lubna