Jawabu Nililolinyamazia

Baba,

Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Ningeanza kwa shikamoo kama nilivyozoea, lakini mara hii shikamoo yenyewe naona haya kuitamka. Nimetenda jambo, na watu wa hapa Msambweni walinisifu kwalo. Sina wa kumwambia kwamba sifa zile zinanichoma, ila wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua za El Nino zilizokukuta kitandani zilikatika punde tu baada ya kukuzika. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umelowa, ukaanguka, Athumani akausimamisha tena kwa mawe na udongo. Siku hizi kaka yangu yuko nyumbani sana, maana hoteli yao kule Diani haina wageni na wafanyakazi wanaingia kwa zamu. Mama hajambo. Ikifika alasiri bado anakumiminia chai, kisha anakumbuka, anainywa yeye.

Mimi nasomesha wasichana wale wale. Wadogo wamefika kwenye harakati, zile irabu za Kiarabu. Nimewafunza kama ulivyonifunza wewe nikiwa mapajani mwako: sema “ba”, mdomo unafunguka, ndiyo fat'ha, kufungua. Sema “bu”, midomo inakusanyika, ndiyo dhamma, kukusanya. Sema “bi”, taya linavunjika kwenda chini, ndiyo kasra, kuvunja. Wakacheka, wakashikana mataya. Nikageukia ubao wasinione machozi.

Sasa lile jambo lenyewe.

Wakumbuka Jumamosi zetu. Nimezikulia. Ami Mbwana, sahibu yako, akivuka kwa mashua kutoka Mkwiro, akipanda gari Shimoni, na baada ya alasiri mkikaa nyinyi wawili barazani, wanafunzi na majirani wamewazunguka, nasi wanawake ukumbini nyuma ya pazia. Mlichokuwa mkigombania ni maneno: neno hili la Kiarabu asili yake ni ipi, mzizi wake una herufi gani, na kwa nini wanazuoni wa nahau, hiyo sarufi ya Kiarabu, wakaliita jambo fulani kwa jina fulani. Nikiwa mdogo nilidhani mnagombana kweli. Mama akinituliza, akisema, “Hao wanapendana. Wasikilize wakicheka.”

Ugomvi mliourudia kuliko yote ni ule wa “ismu”, jina. Wewe ukisema linatoka katika “sumuwu”, kuinuka, kwa sababu jina hukiinua kitu kikajulikana. Ami akisema linatoka katika “wasmu”, chapa, kwa sababu jina ni alama mtu anayogongwa, kama ng'ombe wa Kwale. Wewe ukaleta hoja yako kubwa: neno likitiwa katika wingi au katika udogo, herufi zake za asili hurudi nyumbani. Wingi wa “ismu” ni “asmaa”, si “ausaamu”. Basi ile herufi wau ya chapa iko wapi? Na Ami akijibu, kila mara kwa furaha ile ile, “Herufi huhama, Mwalimu. Iliondoka mbele ikakaa nyuma. Mbona sisi Wavumba tulihama na bado ni Wavumba?” Baraza zima likicheka, na wewe ukicheka kuliko wote.

Kisha ikaja miaka yako miwili ya mwisho, ukaanza kushindwa. Ami akisema hoja moja tu, wewe unainamisha kichwa. “Umenishika, sahibu yangu. Sina jawabu.” Jumamosi baada ya Jumamosi. Na mimi nyuma ya pazia jawabu ninalo mdomoni, maana wewe ndiye uliyenipa. Niliwasikia vijana wakinong'ona kwamba Mwalimu amezeeka. Niliona aibu, Baba. Aibu ya kukuonea wewe. Siku moja nilikuuliza kwa nini hukumjibu, ukasema, “Leo alikuwa na nguvu kuliko mimi,” ukaniomba maji ya kunawa. Sikukuamini, na nilikuona umekuwa mnyonge.

Ulipofariki, neno lile ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Mwalimu alikuwa bahari, lakini mwishoni Ami Mbwana alimpita. Hata siku ya matanga nililisikia. Nikajiapiza kwamba nitakusafishia jina.

Arobaini yako ilisomwa hapa nyumbani. Watu walijaa mpaka chini ya mnazi wa nje. Ami Mbwana alikuja na mkewe, Bi Mwanaidi, aliyeingia ndani kwetu akakaa karibu na mlango wa jikoni. Baada ya dua Athumani akasema kwamba baraza hii ilikuwa ya elimu, basi mwenye swali aulize, thawabu zimfikie marehemu. Nikasema mimi, kutoka nyuma ya pazia, sauti nimeipandisha wasikie wote:

“Shikamoo Ami. Nina swali la ismu.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyefurahi kuitwa. “Ismu latoka katika wasmu. Chapa.”

“Na wingi wake ni nini, Ami?”

“Asmaa.”

“Basi wau ya chapa iko wapi?”

Nilingoja jawabu lake. La, nakudanganya, na sitaki kukudanganya wewe. Sikulingoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kulivunja, nimeyalalia wiki nzima, na baada ya hayo mengine. Lakini jawabu halikuja. Akasema, “Herufi...” akanyamaza. Akasema tena, “Herufi hu... herufi...” Watu wakainua shingo. Nilikuwa naona kivuli chake kwenye pazia, mkono umeinuka, vidole vinatafuta kitu hewani.

Neno lilikuwa moja tu, Baba. Huhama. Nililijua tangu sijang'oka meno ya utoto. Ningelisema polepole tu, kama kwamba nauliza, angelishika. Nikanyamaza. Kisha nikasema, “Basi kama hakuna jawabu, Ami, jina ni kuinuka, kama alivyosema marehemu baba yangu.”

Vijana wakacheka. Mmoja akapiga kofi. Na katikati ya kicheko kile Ami akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepotezana na mwenziwe sokoni, “Mwalimu yuko wapi? Mwiteni Mwalimu. Yeye anajua ninachotaka kusema.”

Kicheko kikakatika. Athumani akaharakisha kusoma Fatiha.

Wanawake walinikumbatia. Shangazi akasema nimemfufua baba yangu. Nikaenda jikoni kutafuta sahani, na Bi Mwanaidi alikuwa pale, anafunga buibui lake. Nilidhani atanitukana. Laiti angenitukana.

“Kwani baba'ko hakukwambia?” aliniuliza.

“Kuniambia nini, mama?”

“Huyu mzee kichwa chake kina miaka sasa hakishiki kitu. Baba'ko ndiye aliyegundua, kabla yangu. Akawa akija kwetu kila Jumatano. Wakikaa, akimpa maneno ya kusema Jumamosi, akimrudishia na kumrudishia mpaka yakae. Akimpa hoja za kumshinda yeye mwenyewe, baba'ko. Mimi nikamwambia, Mwalimu, mwache apumzike, kwani lazima aende huko barazani? Akasema, ‘Siku atakayokosa baraza, shemeji, ndiyo siku utakayomzika.’”

Jumatano zako. Sisi tulidhani unafuata pweza, maana hukurudi hata siku moja bila pweza.

Akamalizia, “Leo nilikuja naye kwa sababu nilidhani baba'ko amekuachia wosia.” Akatoka. Alisema yote hayo bila hasira.

Wiki ile kila niliyekutana naye njiani alinipongeza. Wazee wa msikiti wakamtuma Athumani aniulize kama nitakubali kusomesha nahau Jumamosi, mahali pako, kutoka nyuma ya pazia. Athumani alikuja anang'aa. Nilimwambia anipe muda. Usingizi ukanipaa. Nilikuwa nikifumba macho naviona vile vidole vyake vinatafuta hewani.

Jumatano nikaaga nyumbani kwamba nakwenda kumwangalia Bi Mwanaidi, nikapanda gari mpaka Shimoni, nikavuka na mashua ya injini pamoja na wanawake wa Mkwiro waliotoka sokoni. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi. Nilitaka kumwambia kwamba jawabu nilikuwa nalo. Nilitaka anigombeze kidogo, kisha anisamehe, nirudi nimepata nafuu.

Nilimkuta amekaa mkekani uani, anachambua dagaa. Nikamwamkia nikapiga magoti.

“Marahaba. Wewe ni wa nani?”

“Ni Mwanajuma, Ami. Binti wa Mwalimu wa Msambweni.”

Uso ukamfunguka. “Wa Mwalimu! Karibu, mwanangu, karibu. Mbona hakuja mwenyewe?”

Nikamtazama Bi Mwanaidi. Aliinama kwenye moto. Baadaye aliniambia kwamba wamekwisha kumwambia mara nyingi kuwa umefariki, na kila wanapomwambia analia upya, kama kwamba ndiyo kwanza anaipata habari. Wakachoka kumliza.

“Nimekuja mimi, Ami,” nilisema. “Nimekuja kukuomba radhi.”

“Radhi ya nini?”

“Nilikukosea siku ile kwetu. Mbele za watu.”

Akafikiri. Alifikiri kwa bidii sana, kwa kutaka kunisaidia. Kisha akatikisa kichwa, akacheka. “Mimi nawe hatuna ugomvi. Kaa ule.”

Basi nilikosa hata wa kunisamehe. Aliyekosewa hana kosa analolijua, na anayelijua ni mimi peke yangu. Nilikaa. Nikachukua fungu la dagaa nikachambua naye, na kwa kuwa sikujua la kufanya jingine, nikamuuliza taratibu, “Ami, ismu latoka wapi?”

“Wasmu. Chapa.”

“Na wakikuuliza, wau imekwenda wapi?”

Mkono ukaanza kutafuta. Safari hii sikungoja. “Herufi huhama, Ami. Iliondoka mbele ikakaa nyuma.”

“Huhama!” Akapiga goti lake. “Kama sisi Wavumba. Nani kakufundisha hilo?”

“Wewe.”

“Basi nilikufundisha vizuri,” akasema, na kwa muda akanitazama kama zamani. Tulilirudia mpaka dagaa wakaisha. Mara mbili alilisema bila mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikubali kukaa nyuma ya pazia. Kabla ya somo niliwaambia watu kwamba siku ya arobaini Ami Mbwana alikuwa na jawabu, kwamba lilimponyoka tu, kwamba mimi nililijua na nikanyamaza ili nishinde, na kwamba wewe hukupata kushindwa naye, ulikuwa ukimsitiri. Baada ya watu kutawanyika Athumani alikasirika. Alisema nimejidhalilisha bure, na nimeanika maradhi ya mzee wa watu. La kwanza silijali. La pili limenikata, Baba, kwa sababu huenda ni kweli. Katika kutaka kulitua zigo langu huenda nimemfunua mara ya pili. Wewe ungejua namna ya kulisema. Au usingelisema kabisa. Mimi sijui, na ndiyo maana siku hizi hata nikipita barazani pako nainamisha uso.

Nisamehe kwa lile la barazani, na kwa ile miaka miwili niliyokuona mnyonge. Maneno uliyonifunza ninayo yote. Namna ulivyokuwa ukiyatumia ndiyo nisiyojifunza, ilhali nilikuwa nyuma ya kitambaa tu, nasikia kila kitu.

Buriani, Baba. Mungu akukutanishe na wema wako. Nakuahidi kwamba nitavuka Jumatano hii, na ijayo, maadamu Ami yu hai na mimi nina miguu, na akitaka kuja kwetu Jumamosi nitamfuata mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Najua nikifika ataniuliza mbona hukuja. Sijapata bado la kumjibu. Nitakwenda hivyo hivyo.

Mwanao,
Mwanajuma