Nimemtuza Mdenmark, Wifi Yangu Kanisusa

Mpendwa Somo,

Nakuamkia kwa heshima, na nakuomba ukiisoma barua hii usicheke mpaka ufike mwisho, maana hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka wifi yangu aliponisusa, na sasa simu zangu hapokei, nikenda mlangoni kwake naambiwa na wapangaji wenziwe amelala na taa naiona inawaka, na hapa London mimi sina ndugu mwengine wa kumwita wangu ila yeye. Nisaidie, Somo yangu, nimekwama.

Mimi ni mjane, nakaa Woolwich, kwetu Unguja, mtaa wa Malindi. Mimi na marehemu mume wangu Rajab tulitoka miaka michache baada ya Mapinduzi, tukaja na sanduku moja la nguo na moja la fidla, na la fidla ndilo alilolipakata njia nzima. Mchana akifanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi, Jumamosi akipiga fidla kwenye harusi za watu wetu, leo Stratford, wiki ijayo Tooting, na watu wakisema harusi bila Rajab ni chai bila sukari. Dada yake, Zainab, alitufuata baadaye, akaolewa, akaachika, na mwisho akawa wangu mimi kuliko alivyokuwa wa kaka yake. Harusini mimi nikikaa mbele na wanawake wenzangu, yeye kazi yake jikoni, pilau lake halina mfano, akisikia fidla kwa mlango tu. Alipofariki Rajab ni Zainab aliyehamia kwangu eda yote, akanipikia, akanilisha, akawapokea wageni. Fidla tukaipandisha juu ya kabati la nguo, tukaifunika kanga, na tangu siku ile hakuna aliyeitaja, si mimi wala yeye.

Sasa jirani yangu Balwinder, Mpunjabi wa Kisumu, Kiswahili anacho chake cha huko bara, yeye anasimamia jiko la ukumbi wa mtaa wetu. Siku moja akaniambia, "Dada, kuja Jumamosi, kuna Wadenmark wanakuja kucheza ngoma yao ya zamani, na muziki ni wa kupiga kwa mkono, hakuna kanda. Mkitaka mtakaa karibu na mimi upande wa chai, bia iko upande ule mwingine." Nikamwomba Zainab anisindikize. Alikataa, nikambembeleza, akaja na koti lake kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na ilikuwa kiangazi.

Somo, wewe unajua jua la huku mwezi wa sita, linakataa kuzama, linabaki tu madirishani, limelegea, rangi ya samli. Ndani ya ukumbi watu wa kila namna, wazee wa Kizungu wenye soksi nyeupe, vijana, mama mmoja na mtoto mgongoni, na kule mbele wamekaa wapigaji, kodiani moja na fidla tatu. Wakaanza. Mimi nikajua ndiyo ile bashrafu ya kufungulia, ya muziki mtupu, kama kwetu, basi nikatulia namngoja mwimbaji. Nikangoja. Mwimbaji haji. Nikamuuliza Balwinder mwimbaji wao yuko wapi, akasema, "Hakuna, dada, ni hii hii tu," na mimi nikaona ajabu, watu gani wanakaa jioni nzima bila neno hata moja.

Kisha wakapiga moja, mzee mmoja anaitwa Aksel alianza peke yake, wenziwe wameshusha pinde zao, na watu wakashikana wawili wawili wakawa wanazunguka, si kwa kuruka, kwa kutembea, wanazunguka na wanazunguka, macho nusu yamefumba, kama watu waliosinzia huku wanatembea, na miguu yote inagusa sakafu pamoja mpaka naisikia kwenye kiti changu. Na ile fidla, Somo, ile fidla ilikuwa inakokota sauti kidogo kabla ya kuiachia, vilevile kama Rajab alivyokuwa akifanya. Sijui nikwambie nini. Chumba kiliniondoka. Nilisikia harufu ya asumini ambayo haikuwepo. Nikamtupia jicho Zainab, naye mguu wake ndani ya kiatu unapiga, unapiga, lakini uso kaugeuzia ukutani.

Basi mimi nikainuka. Walahi sikukusudia. Nikatoa noti kwenye mkoba, nikaiinua juu, nikaenda taratibu nikiyumba kama tunavyokwenda sote mbele ya mpigaji aliyetukosha roho, nikapita katikati ya wale wanaozunguka, wakanipisha. Nikamfikia Aksel, mikono yake miwili ina kazi, pa kuiweka ile noti hapana, nikamtilia mfuko wa shati hapa kifuani. Ukumbi mzima ukapiga makofi, hawajui wanapigia nini. Niliporudi kiti cha Zainab kilikuwa kitupu.

Walipopumzika Aksel akanifuata na ile noti, anataka kunirudishia, anasema wao hawapigi kwa malipo, nikamwambia tuzo hairudishwi, kurudisha ni kunitukana. Akacheka, akaiweka. Akaniuliza nimejifunza wapi kusikiliza fidla hivi, nikamwambia mume wangu alikuwa mpigaji, akauliza fidla yake ipo, nikasema ipo, juu ya kabati. Akaniambia yeye kwao ni kisiwa kidogo, na huko fidla ya marehemu hutiwa nyuzi mpya ikapigwa mbele ya watu wake, haiachwi ikakauka. Akasema watarudi ukumbini mwezi ujao, nikitaka niilete, ataitia nyuzi kwa mkono wake na ataipiga.

Nilimkuta Zainab kituo cha basi, analia, machozi yamemrowesha kola ya koti. Nikamwambia, "Wifi, una nini?" Basi likaja, tukapanda. Tulipokaa ndipo aliposema, "Kaka yangu kapiga fidla maisha yake yote, sijakuona hata siku moja ukainuka kumtuza. Leo umeinuka kwa huyu." Nikamwambia, "Wifi, mimi nilikuwa mkewe, nimtuze vipi na tuzo zake nazikunjua mimi nyumbani?" Nilipomweleza habari ya nyuzi ndiyo nikaharibu kabisa. Akasema, "Fidla ya kaka yangu ikishikwa na yule mwanamume, mimi na wewe basi." Akashuka kabla ya kituo chake.

Nilimweleza binti yangu, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliozaliwa huku, kwamba ile ni dansi tu. Si dansi tu. Tangu siku ile nikikosha vyombo nayumba, nikisinzia naota mkono unavuta upinde, mkono tu, uso hauji. Sijui kama nimempenda yule mzee, nakwambia kweli, sijui. Ninachojua natamani kuisikia ile fidla kabla sijafa, na sitaki kumpoteza Zainab. Mwezi unakaribia kwisha. Niipeleke au niiache?

Mjane wa Woolwich

*

Mjane wa Woolwich,

Nimecheka, niwie radhi, nilishindwa kufika mwisho. Nilipofika kituo cha basi nikaacha.

Pole, mwanangu. Lakini hukuniandikia nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo kaa nikugombeze kwanza. Wewe ni mtoto wa Malindi. Unajua kutuza ni kusema. Mwanamke huinuka pale wimbo unapofika kwenye neno lake, na ukumbi mzima hugeuza shingo kutazama analimwaga wapi. Umeinuka mbele ya wifi yako, umekwenda kwa madaha, umetia noti mfuko wa kifuani, kisha unashangaa kasoma? Mfuko wa kifuani, bibi wee. Kiti hakikuwepo, ukaiweka kitini?

Na ubaya zaidi, wimbo wenyewe hauna maneno. Laiti ungekuwa na maneno, Zainab angejua umeinukia lipi. Usipokuwa na maneno kila mtu hutia yake. Wewe ulitia ya Rajab. Yeye katia ya Mdenmark, kwa sababu ile ya Rajab ilimshinda kuitazama.

Habari ya Aksel nitaimaliza haraka. Huo mkono unaouota unaujua, umelala nao kitanda kimoja miaka yako yote, na uso hauji kwa sababu unaogopa kuuona. Mwache mzee wa watu na kisiwa chake. Siku uso ukija na ukawa wake, niandikie tena. Mjane hakukatazwa kuolewa, wala mimi sitakukataza. Lakini hiyo si barua ya leo.

Barua ya leo ni ya Zainab. Umeniandikia mwenyewe, na hukuisoma. Ulikaa eda, ukapikiwa, ukalishwa, wageni wakaja kukupa pole. Nani alipika? Nani alifungua mlango? Mke ana eda yake, mwanangu, dada hana. Dada huosha sahani za matanga ya kaka yake, kisha huvaa koti akarudi kwake, na watu wakamuuliza, "Mjane anaendeleaje?" Zainab amelifunga hilo koti mpaka shingoni tangu siku ile. Mguu wake ulikuwa ukikwambia habari zote chini ya kiti, wewe ukaenda kuyumba.

Tena alikwambia hakukuona ukimtuza kaka yake. Jibu lako ni sahihi, mke hainuki. Ila yeye hakuwa anakusema wewe. Dada huinuka, dada anaruhusiwa, na Zainab hakuinuka hata mara moja, maana alikuwa na mwiko mkononi na nyinyi mko mbele mnasifu pilau.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Simu acha. Ishushe fidla leo, na kanga yake, uipeleke kwa Zainab. Wakikwambia amelala na taa inawaka, kaa ngazini mpaka achoke kulala. Muwekee mapajani. Mwambie, "Hii ni ya kaka yako, niliiweka kwangu bila ya kukuuliza." Kisha umpe pole ya msiba, kama vile Rajab amekufa jana, na unyamaze. Uliyezoea kulishwa, siku hiyo upike wewe.

Akisema haitoki, haitoki, na ibaki kabatini kwake, si kwako. Hilo ulimeze. Ukumbini utakwenda na Balwinder, utasikiliza za wenyewe, inatosha.

Akikubali, nendeni pamoja. Mvue koti mlangoni kwa mkono wako. Aksel atie nyuzi, na mkae nyote wawili mbele, jikoni kuna mwenyewe. Na fidla ya Rajab itakapolia, wewe kalia mikono yako, usithubutu kuinuka. Noti mpe Zainab.

Somo